Sale Juu ya Mzigo wa Majani

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tano, tulimzika Mama Eliya, na pamoja naye imeondoka sauti ya mwisho iliyokuwa ikiniita kwa jina langu la utotoni. Wengine wote walionijua nikiwa na miaka tisa walishatangulia. Nimerudi nyumbani, nimevua kitenge cha msiba na kukifua, na bado najikuta nimekaa tu bila kufanya lolote.

Pale msibani vijana walikuwa nyuma ya nyumba wakiwaandalia ng'ombe majani na kukatakata migomba kwa panga. Harufu ikanifikia nilipokuwa nimekaa chini ya turubai na wanawake wenzangu: majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, na utomvu wa mgomba wenye ubaridi wake. Wakati huohuo wasifu wa marehemu ulikuwa unasomwa kwenye kipaza sauti. Ulisema Mama Eliya alianza kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwa wito wa moyo wake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikainamisha changu. Wito alikuwa nao, sikatai. Lakini alianza kwa sababu ya kosa langu mimi, na sasa hakuna mwingine aliyebaki anayelijua. Ndiyo maana naandika, ingawa mkono wangu si wa msomi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nakaa na shangazi yangu Anaeli, dada yake baba, juu ya Kikatiti, mahali ambapo migomba inaanza kuwa minene na barabara ya Moshi unaisikia tu bila kuiona. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Nilipelekwa kwake nimsaidie maji na kuni, nikabaki hadi nilipoolewa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko kufiwa. Mumewe alipofariki, shemeji yake alimletea karatasi akamsomea kwamba ni ya kuthibitisha kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa aliloachiwa. Shangazi akaweka dole gumba. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa ameweka dole kukubali kutoa nusu ya chini, ile yenye mfereji. Hakuenda popote kulalamika. Alisema tu kwamba hatasomewa tena karatasi na mtu yeyote maishani mwake.

Kwa hiyo Mwalimu Samweli alipoanzisha darasa la watu wazima kwenye banda la kukaushia kahawa, Shangazi alikuwa wa kwanza kufika. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa weusi wa betri zilizosagwa. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Karatasi alizileta Mama Mwanaidi, mke wa fundi cherehani wa Kikatiti, ambaye kwao ni Tanga. Alizikusanya dukani, zile za kufungia sukari, akazinyoosha kwa pasi ya mumewe. Yeye kusoma Kurani alijua, lakini alikaa darasani kwa sababu alifurahi kutusikia.

"Nyie watu wa mlimani," alikuwa akisema, "Kiswahili mnakisema kama mnapasua kuni. Taratibu basi, hakikimbii!"

"Wewe umezaliwa nacho," jirani yetu Mzee Lazaro alimjibu, "sisi tunakikuta ukubwani kama meno ya bandia."

Mwalimu Samweli hakulipwa na mtu yeyote. Alikuwa na kahawa yake kidogo, mke, mtoto mchanga aitwaye Eliya, na ng'ombe mmoja wa ndani. Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa shida. Mama Eliya alikuwa ameugua homa kali baada ya kujifungua na maziwa yake yakakatika, hivyo mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe. Na huku kwetu majani hayapo mlangoni. Ardhi yote ni migomba na kahawa. Majani ya ng'ombe yanafuatwa chini tambarare na kubebwa kichwani kupandisha mlima, na hiyo ni kazi ya mchana mzima. Mwalimu akienda kukata majani, hakuna darasa. Akifundisha, ng'ombe analala na njaa, na mtoto vilevile. Tena kulikuwa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Usa aliyekuwa akimtaka awe karani wake wa mizani. Kila mtu alijua kwamba majani yakimshinda, ataenda.

Hapo ndipo walipojitokeza Watu wa Majani. Jina hilo walijipa wenyewe kwa utani. Walikuwa wanafunzi wake kama kumi na wawili, wanawake wengi na wazee wachache, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuandika jina lake. Waligawana siku. Mwenye siku yake alishuka tambarare, akakata mzigo, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akaupandisha na kuuacha nje ya lango la Mwalimu. Na walikuwa na utaratibu mmoja ambao hawakuuvunja: hakuna kubisha hodi. Ukibisha hodi umekuwa mgeni, na mgeni lazima akaribishwe, atafutiwe kiti, apewe chochote, ashukuriwe. Hawakutaka Mwalimu awe na deni la shukrani kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mzigo ulitua kimya, na aliyeuleta akaondoka kimya.

Mimi sikuelezwa lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni shangazi yangu akirudi kila Jumanne shingo imemkakamaa na mikono imechanwa na nyasi, baada ya kutua mzigo kwenye lango la mtu na kuondoka bila kuinua macho. Na mwaka uleule nilikuwa nimeona kitu kama hicho. Jirani yetu mmoja alimvunja mwenzake mkono kwenye ugomvi wa mpaka. Baraza la mshili, ndiye mkubwa wa eneo letu, likamhukumu amkatie majani ng'ombe wa yule aliyeumia mpaka mkono upone. Naye alikuwa akifika kimya, anatua, anaondoka kichwa chini. Mtoto wa miaka tisa anaunganisha anachokiona. Nikajua kwamba Shangazi amemkosea Mwalimu Samweli, na anatumikia adhabu.

Kuna wenzangu waliojua vilevile, au walijifanya kujua. Siku moja pale mfereji, Elisifa, binti wa yuleyule shemeji, aliniuliza mbele ya wasichana wote:

"Kwani shangazi yako kesi yake na Mwalimu inaisha lini?"

"Hana kesi," nikasema.

"Hana? Basi majani anamkatia nani? Au ameolewa mke wa pili?"

"Mke wa pili ana siku moja tu kwa wiki!" mwingine akadakia, wakacheka mpaka mmoja akamwaga debe lake.

Niliondoka na maji nusu. Njiani sikulia. Nilikuwa najiuliza ni kosa gani kubwa hivyo, maana mkono wa mtu hupona kwa miezi miwili, na Shangazi alikuwa amebeba majani tangu mahindi hayajapandwa mpaka yamevunwa.

Jumanne iliyofuata mgongo ulimkamata Shangazi. Alikuwa ameshakata mzigo tangu jana yake na kuufikisha nyumbani, lakini kuinuka hakuweza. Akaniambia niugawe mara mbili niupeleke mwenyewe.

"Ukifika, tua langoni. Usiite. Usichungulie. Rudi."

"Na wakiniona?"

"Wakikuona, shikamoo, na miguu iendelee."

Nilipeleka nusu ya kwanza. Niliporudi kuchukua ya pili nilipita mpakani, penye mstari wa masale. Msomaji wa kwetu haniulizi sale ni nini, lakini kwa mgeni niseme: ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, ni ombi la msamaha. Anayeletewa sale hahoji wala hakatai. Nilishaona wanaume waliotaka kukatana mapanga wakinyamaza kwa sababu ya jani moja. Nikawaza: mbona Shangazi hakumbuki? Labda anaona aibu. Labda anangoja mtu amsaidie.

Nikachuma jani, nikalifunga fundo nililoona wakubwa wakifunga, nikalichomeka juu ya mzigo wa pili mahali ambapo mtu hawezi kulikosa. Nikautua langoni. Nilishuka kilima nikiruka mifereji kwa furaha. Niliamini nimemkomboa.

Keshokutwa yake ilikuwa siku ya darasa. Mimi nilikuwa nje ya banda nikichambua maharage, nikamsikia Mwalimu Samweli akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ndugu zangu, mmenibeba muda mrefu. Nimepokea, na sina kinyongo. Leo tunaishia hapa. Jumatatu naanza kazi Usa."

Basi. Hakueleza amepokea nini, maana kwake ilikuwa wazi. Alikuwa amekuta sale juu ya majani, majani ni ya kundi zima, na kundi halina mdomo langoni kwake. Akaelewa kwamba wamechoka na wanaomba radhi kwa kumwacha. Ukiletewa sale huulizi. Na wao, kwa heshima yao kwake, hawakuuliza pia. Walidhani mshahara wa Usa umemvuta, wakaona si haki kumzuia baba wa mtoto. Watu wazima kumi na wawili na mwalimu wao wakaagana kwa adabu kubwa, kila upande ukidhani umeachwa na mwenzake.

Jioni Shangazi aliifuta slati yake, kibao alichoandikia darasani, kwa kiganja, akaiweka juu ya dari ya moshi pamoja na vyungu visivyotumika. Alikuwa amefika kwenye kuunganisha silabi. "Ba-ba" alikuwa anaiweza, na "ma-ma", na jina lake alikuwa amebakiza herufi mbili kulimaliza. Nikamuuliza kama adhabu imeisha. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua, akasema nikalale.

Ijumaa asubuhi alikuja Mzee Lazaro, amekasirika, akigonga fimbo chini.

"Anaeli, nimetoka kwa Mwalimu. Kumbe aliwekewa sale! Juu ya mzigo wa Jumanne! Sikuweza kumwambia si letu, maana sijui nani kati yetu amechoka."

"Jumanne ni siku yangu," Shangazi akasema.

"Ndiyo nauliza."

"Nikuulize wewe. Nani kila siku analia goti, goti, goti? Nani alisema majani yatamuua?"

"Nimesema yataniua, sikusema nayaacha! Mtu halalamiki sasa?"

"Nenda, Lazaro."

"Naenda. Lakini nimekujua."

Alikwenda akichechemea. Walikuwa majirani tangu utoto, na ndiye aliyemchimbia Shangazi kaburi la mumewe. Nilisimama mlangoni na kibuyu mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefanya kitu, ingawa sikuelewa nini hasa. Ningependa kusema nilikiri palepale. Sikukiri. Nilinyamaza Ijumaa yote, nikanyamaza Jumamosi. Jumamosi nilimsikia Mama Mwanaidi naye akimwambia Shangazi uani kwamba watu wanasema aliyeweka sale ni Lazaro, na wengine wanasema ni yeye Anaeli, na kwamba wawili kati ya Watu wa Majani tayari hawasalimiani kwa ajili hiyo. Nilinyamaza hata hapo. Niliogopa fimbo, na nadhani niliogopa zaidi kwamba kweli Shangazi alikuwa na kosa, na nikiongea litatoka hadharani.

Jumapili baada ya ibada Shangazi alipakua loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, akaweka bakuli la tatu. Lilikuwa la Mzee Lazaro. Kila Jumapili alikula kwetu. Alilitazama lile bakuli, akalirudisha kapuni. Hapo nikashindwa.

"Sale niliweka mimi."

"Uliweka wapi?"

"Juu ya majani. Nilikuombea msamaha. Ili Mwalimu akuachie."

"Aniachie nini?"

"Adhabu. Kwa kosa ulilomfanyia."

Nilikaza mgongo kungoja kipigo. Shangazi alikaa chini kwenye kigoda, polepole. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu, mpaka machozi yakatoka, na baada ya muda sikujua tena kama bado anacheka.

"Mwanangu," alisema, "kumbe muda wote huu umekuwa ukila na mfungwa."

Akanieleza. Ndiyo siku niliyosikia habari za karatasi na dole gumba, na kwa nini mtu asiyejua kusoma anamkatia majani anayefundisha. Hakuchukua muda mrefu. Kisha akasimama, akafunika loshoro.

"Vaa gauni. Tunampitia Lazaro kwanza."

Kwa Mzee Lazaro nilirudia maneno yangu nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia Shangazi.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Sema kwa sauti, mke wangu yuko jikoni."

"Si wewe, Lazaro!"

"Haya. Twende, na goti langu."

Kwa Mwalimu Samweli tulibisha hodi, kwa mara ya kwanza. Alitukaribisha ndani akakaa na kunisikiliza, na uso wake ukabadilika mara mbili. Mwishoni alishika kichwa.

"Mngeniambia juzi," alisema. "Jana nimekwenda Usa. Nimetoa neno langu, na mzungu amekwishamwondoa karani aliyekuwepo. Siwezi kurudi nyuma."

Shangazi alisema, "Ni kweli, neno ni neno," akakusanya kanga yake ili ainuke. Niliona mikono yake ikitafuta pa kushika. Nikajua basi, nimelimaliza darasa, na Shangazi hataandika jina lake kamwe, na ni kwa fundo nililofunga mimi.

Mama Eliya alikuwa nje ya mlango akimkatia ng'ombe mgomba, mtoto mgongoni. Alikuwa binti tu, sasa ndiyo naona hivyo. Pengine miaka ishirini na mbili. Wakati wote huo panga lake lilikuwa linasikika, ta, ta, ta. Likanyamaza.

"Mimi nilifika darasa la nne misheni," alisema bila kuingia. "Herufi hazijanitoka."

Mwalimu alimgeukia. "Wewe? Na ng'ombe? Na mtoto?"

"Ng'ombe si ana watu wake?"

"Na mtoto?"

Akaingia, panga mkononi, utomvu umemchirizika mpaka kwenye viwiko. Akanitazama. Mpaka leo sijasahau yale macho. Yalikuwa yanajizuia kucheka.

"Mtoto atabebwa na huyu wa sale. Kosa lake si ndilo lililotufikisha hapa? Basi na yeye atumikie."

Mzee Lazaro alikohoa. "Kuna wanaume hawatakaa kufundishwa na mke wa mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa. Kilichokataa ni goti tu."

Alikuwa sahihi kuhusu wanaume. Watatu hawakurudi, na mwanamke mmoja pia, kwa sababu mumewe alimkataza. Waliobaki walianza Jumanne. Mzigo wa majani ulitangulia langoni tangu asubuhi, na Mama Mwanaidi alileta karatasi zake zilizonyooshwa. Nilifungiwa Eliya mgongoni kwa kanga ya Shangazi, nikapewa kibuyu cha maziwa, nikasimama penye mlango wa banda. Elimu yangu nyingi niliipatia pale, mlangoni, kwa kutazama juu ya vichwa vya watu, kabla sijapelekwa shule miaka mitatu. Lakini siku ile ya kwanza sikutazama herufi. Nilimtazama yeye.

Alisimama mbele ya ule mlango mweusi akiwa ameshika kipande cha muhogo. Kipande kikakatika, akaokota kilichobaki. Akaandika mstari mmoja, akasoma, watu wakasoma baada yake bila nguvu, kama wanaoogopa kumwamsha mtu. Akamwita Shangazi mbele. Shangazi alikwenda, akachukua muhogo, akaanza kuandika jina lake kuanzia pale alipokuwa ameishia na Mwalimu Samweli.

Hapo Eliya akaanza kulia mgongoni kwangu. Alilia kwa nguvu, kile kilio cha mtoto anayejua mama yake yuko karibu. Mama Eliya aligeuka, hatua moja ikaelekea mlangoni. Banda zima likamtazama atafanya nini.

Shangazi hakugeuka. Mkono wake ulikuwa bado ubaoni.

"Tuendelee, Mwalimu," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mama Eliya alisimama kidogo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kisha akarudi ubaoni. Mimi nikatoka na Eliya nje, nikatembea naye katikati ya mibuni, nikimpigapiga mgongoni, mpaka akanyamaza.